Askari mhamiaji akifa vitani, fomu ndiyo yenye kauli

Ndugu Mhariri,

Kila gazeti linapoandika habari za kijana wa Kiafrika aliyefia kwenye vita vya watu wengine, mazungumzo huku Moshi na kule Arusha huishia palepale: alifuata nini huko? Hilo tuwaachie wanaolipenda. Sisi tunaotafsiri nyaraka na kujaza fomu za watu tuna jambo jingine, ambalo kwa kawaida huanza kusemwa turubai likiwa limeshafungwa na viti vimeshapangwa. Kijana mhamiaji akifa akiwa na gwanda la Marekani, mwili wake na fedha zake hufuata karatasi aliyoijaza yeye mwenyewe. Kikao cha ukoo hakimo. Baba yumo ikiwa ameandikwa, au ikiwa wanaomtangulia kwenye orodha hawapo.

Kwanza tumtaje tunayemsema. Jeshi la Marekani halina dawati la kuandikisha vijana Arusha, Moshi wala Dar es Salaam. Anayejiunga ni raia wa kule au mwenye ukaazi wa kudumu, yaani grini kadi, ambaye ameshafika na anaishi huko. Palikuwa na mpango ulioitwa MAVNI, uliochukua hata wenye viza za masomo kwa sababu ya lugha zao, Kiswahili kikiwa mojawapo, lakini ulifungwa kwa waombaji wapya mwaka 2016. Anayekuomba laki tano pale stendi ili "akuunganishe na jeshi la Marekani" ni mwizi, basi. Uingereza nayo ina utaratibu wake kwa watu wa Jumuiya ya Madola, na fomu zake ni nyingine kabisa.

Wala hatuandiki kumsukuma mtu. Januari 2023 Wizara yetu ya Mambo ya Nje ilithibitisha kifo cha Mtanzania aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa gerezani, akaingia kundi la Wagner, askari wa kukodiwa wa Urusi, kwa ahadi ya msamaha, akafa Ukraine Oktoba 2022. Wakati huo Serikali ilikumbusha kuwa sheria za nchi haziruhusu raia kujiunga na jeshi la kigeni. Tunawaandikia ambao kijana wao ameshakula kiapo.

Fomu zenyewe ni mbili. Ya kwanza ni DD 93, taarifa za dharura. Ndani yake askari anaandika nani aarifiwe, nani apokee fedha ya kwanza ya msiba ambayo ni dola 100,000, nani apokee mshahara uliobaki, na nani awe na kauli juu ya mwili. Ya pili ni ya bima ya maisha, SGLI. Zamani ilikuwa karatasi namba SGLV 8286. Siku hizi wengi huijaza kwenye kompyuta, katika mfumo unaoitwa SOES. Tangu tarehe 1 Machi 2023 kiwango cha juu cha bima hiyo ni dola 500,000, na askari huingizwa kwenye kiwango hicho bila kuomba. Akitaka pungufu ndipo aseme. Makato yake kwa mwezi hayafiki dola 35. Jumlisha hizo mbili: dola 600,000, kama shilingi bilioni moja na nusu. Fomu ya fedha nyingi hivyo hujazwa mara ya kwanza siku za mwanzo kambini, kijana kanyolewa kipara, hajalala, na nyuma yake kuna foleni.

Akiacha nafasi ya mnufaika wazi, sheria inapanga yenyewe: mke au mume kwanza, kama hayupo, watoto, kama hawapo, wazazi kwa mafungu sawa. Bibi aliyemlea kule Rombo hayumo. Shangazi aliyelipa ada ya sekondari na nauli ya ndege hayumo. Kaka na dada watafikiwa mwishoni kabisa, kama wote hao hawapo. Anayetaka bibi apate lazima amwandike kwa jina na asilimia. Kwenye zile dola 100,000 mgawo huenda kwa makumi: asilimia 10, 20, 30. Kwenye bima ana uhuru zaidi.

Makosa tunayoyajua yanajirudia, na karibu yote yanatokana na kudhani kuwa huko kuna mtu wa kukaa chini na kupima haki.

Kosa la kwanza ni kuoa au kuachana bila kugusa fomu. Mwaka 1981, katika shauri la Ridgway, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba fedha ya bima hii humwendea anayestahili kwa mujibu wa bima yenyewe, hata pale hukumu ya talaka ilipoagiza iwaendee wengine. Hapo ni hukumu ya mahakama yao wenyewe iliyoshindwa na fomu, sembuse muhtasari wa kikao cha ukoo wenye mihuri ya mwenyekiti wa kijiji.

La pili ni kumwandika kaka mkubwa kwa asilimia 100 "atawagawia wenzake". Kisheria umempa yeye. Akigawa, ni wema wake. Akinunua Coaster mbili na nyumba Njiro, hakuna wa kumuuliza kwa kutumia fomu ile.

La tatu ni mtoto. Kijana anaandika jina la binti yake wa miaka mitano, moyo umetulia. Hundi haiandikwi kwa jina la mtoto hadi awepo mlezi aliyeteuliwa na mahakama kusimamia mali yake, na kumpata huyo mlezi kutoka huku, kwa amri iliyotafsiriwa na kuhakikiwa, ni kazi ya miezi. Kama mama wa mtoto anaaminika, fedha ya mahitaji ya mwaka wa kwanza iandikwe kwa mama, na sehemu ya mtoto ibaki kwa mtoto.

La nne ni ndoa isiyo na cheti. Mahari imelipwa, mbege imenyweka, mke anakaa kwa wakwe Machame, na kwenye kompyuta ya jeshi kijana anasomeka hajaoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya kimila, lakini afisa wa Texas anataka karatasi. Ndoa isajiliwe, cheti kitoke, kitafsiriwe, kisha askari amwandikishe mkewe kwenye daftari la wategemezi liitwalo DEERS. Hili linafanyika kwa likizo moja kama wakianza mapema. Baada ya kifo, mjane anabaki kukusanya viapo vya mashahidi wa mahari.

Halafu majina. Hapa tukikaa tutakesha. Sisi tunaandika jina langu, la baba, la babu. Wao wanataka jina la kwanza na la ukoo. Matokeo yake cheti cha kuzaliwa cha kijana kinaishia jina la baba, cheti cha kidato cha nne kina la babu, pasipoti ina la ukoo, na ile Massawe yenye s mbili huku iko na s moja kule. Mama naye kwenye kitambulisho cha NIDA yuko kwa jina la ubatizo, lakini mtoto alipokuwa anajaza fomu aliandika analoitwa nyumbani. Kabla hajaondoka kwenda vitani, au siku yoyote akiwa na intaneti, aombe picha ya NIDA au pasipoti ya kila anayemwandika, aandike herufi kwa herufi kama zilivyo humo, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Mzazi ambaye hakusajiliwa kuzaliwa kwake atafute cheti cha kuzaliwa cha RITA sasa, akiwa na afya. Cha ubatizo pekee kitamfikisha nusu ya njia.

Tuje kwenye mwili, maana hapa ndipo maumivu yalipo.

Kwenye DD 93 kuna nafasi ya mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuelekeza mazishi. Awe mke au mume, au ndugu wa damu. Asipoandikwa, anatangulia mke au mume, halafu watoto waliotimiza umri, halafu wazazi. Na wazazi wakilingana, mwenye umri mkubwa ndiye anayeulizwa. Huyo mmoja ataamua azikwe makaburi ya kijeshi ya Arlington, au mji alioishi Marekani, au kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha babu yake Kibosho, na Serikali ya Marekani italipa usafiri hadi huko alikochagua. Lakini inamsikiliza yeye peke yake. Mke aliyeolewa kule akisema azikwe North Carolina, ukoo mzima ukisema kihamba, atazikwa North Carolina. Kijana anayetaka kulala chini ya migomba ya kwao aseme na mkewe mapema, au amwandike baba.

Wanaolalamika kwamba huo ni ukatili wakumbuke waliolala makaburi ya Jumuiya ya Madola hapa Moshi. Katika Vita Kuu ya Kwanza Uingereza ilikataza miili kurudishwa kwao. Aliyekufa huku alizikwa huku, na mama yake hakuulizwa. Nao wapagazi wetu hata jiwe lenye jina hawakupata: ripoti ya Aprili 2021 ya tume inayotunza makaburi hayo ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa.

Aliyefia vitani hupelekwa kwanza kambi ya anga ya Dover, jimbo la Delaware. Mwili hushushwa kwenye ndege ukiwa ndani ya kasha la alumini lililofunikwa bendera, na tangu 2009 wizara yao ya ulinzi hulipia nauli ya ndugu hadi watatu wa karibu waje kuupokea. Upokeaji huo hufanyika haraka, mara nyingi ndani ya saa 48 hivi, kwa hiyo mzazi aliye Marangu asiye na viza hatauwahi. Asiuze ng'ombe kukimbilia Dar es Salaam kuomba viza ya Dover. Ahifadhi nguvu kwa ajili ya mazishi. Baada ya hapo uchunguzi wa daktari hufanyika, utambuzi kwa alama za vidole, meno na vinasaba (kila askari huacha damu yake kidogo kwenye kadi tangu anaingia), ndipo mwili unaandaliwa na kuvishwa. Kamati ya mazishi isitangaze tarehe kanisani wala kulipia matangazo ya redio mpaka afisa wa kusaidia familia awape namba ya ndege itakayotua uwanja wa Kilimanjaro (KIA).

Mwenye mamlaka ya mazishi huulizwa maswali mawili ambayo wazee wetu hawajazoea kuulizwa. Moja: vikipatikana viungo vingine baadaye, ajulishwe, au jeshi livisitiri lenyewe kwa heshima? Hakuna jibu sahihi. Lakini anayejibu kwa simu usiku wa manane bila kuelewa swali anaweza kupigiwa tena miezi kadhaa baadaye, kaburi limeshawekewa marumaru. La pili linahusu kuaga. Maofisa watasema wazi kama mwili unaonekana au hauonekani. Ukiwa hauonekani, huzungushiwa shuka na blanketi, kisha sare kamili, yenye nishani na mikanda iliyonyooshwa, hulazwa juu na kufungwa kwa pini. Ukifungua jeneza utaona sare isiyo na mtu. Kwetu, foleni ya kuaga ni nusu ya msiba, na vijana wa ukoo wamewahi kutaka kukata lakiri ili mama "ahakikishe". Padri au mchungaji aambiwe mapema, atangaze mwenyewe kwamba kuaga ni kwa picha.

Jeneza lenyewe. La Kimarekani lina urefu wa sentimita 213, upana 71 na kimo 58, na la chuma likiwa tupu hukaribia kilo 90. Juu ya hapo kuna kreti ya kusafirishia. Kaburi lililojengewa matofali kwa kipimo cha jeneza la fundi wetu halitalipokea: vishikio vitagota pembeni na fundi ataitwa kuvunja tofali wakati kwaya inaimba. Mwambieni achimbe na kujenga nafasi ya ndani ya sentimita 240 kwa 100, akae na utepe wa kupimia. Noah haibebi mzigo huo. Tafuteni gari la maiti lenye sakafu ndefu au Canter safi. Kutoka barabara ya gari hadi kihambani, kwenye njia zile za Old Moshi zinazopita kati ya mifereji, panahitajika wanaume wanane wa kupokezana na wengine wanane, na mikanda mitatu ya kushushia, si kamba mbili. Jeshi huuliza pia kama familia inataka la chuma au la mbao. Msidhani la mbao lazima liwe jepesi; ulizeni uzito wa yote mawili, mtashukuru mkifika mlimani.

Bendera iliyofunika jeneza ni ya futi tano kwa tisa na nusu. Haishuki kaburini; hukunjwa mara 13 hadi ibaki pembetatu, ikabidhiwa kwa mjane, na wazazi hupewa ya kwao. Wenye desturi ya kuzika na shuka la ukoo wapange liende chini ya bendera, siyo juu.

Fedha hazipiti mirathi. Mnufaika anajaza mwenyewe fomu ya madai, DD 397 kwa zile dola 100,000 na SGLV 8283 kwa bima, akiambatanisha taarifa rasmi ya kifo ambayo ni DD 1300. Akaunti iwe ya jina lake, yenye msimbo wa SWIFT wa benki. Akaunti ya kamati ya mazishi haitapokea. Mahakama ya Mwanzo itahitajika kwa mali iliyoko huku tu: kiwanja, gari, salio la benki. Huko watataka muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo kilichotafsiriwa kwa Kiswahili, na msimamizi atapewa miezi minne kurudisha fomu namba V na VI za mali na hesabu. Wengi hupeleka ombi la kugawa "fedha za Marekani" mahakamani hapo, hakimu anawarudisha, na ukoo unadhani kuna mkono wa mtu.

Kuna haki moja ambayo karibu haidaiwi: wazazi wenye kipato kidogo wa askari aliyefia kazini wanaweza kuomba posho ya kila mwezi kwa fomu 21P-535, hata kama hawakuandikwa popote kwenye bima. Kipato hupimwa kila mwaka, na mkulima wa kahawa wa ekari moja ana nafasi nzuri.

Juu ya uraia, tarehe 21 Machi 2003 José Antonio Gutierrez, yatima kutoka Guatemala aliyeingia Marekani akidandia treni kupitia Mexico, aliuawa karibu na Umm Qasr, Iraq, kwa risasi za upande wake mwenyewe. Hakuwa raia. Alipewa uraia akiwa ameshakufa, kama walivyopewa wahamiaji wengine wa wiki zile za mwanzo. Novemba mwaka huohuo sheria ikabadilishwa ili uraia wa namna hiyo uwafae na walio hai. Ndugu wa karibu huuomba uraia huo kwa fomu N-644 ndani ya miaka miwili tangu kifo, na mjane, watoto na wazazi wanaweza kujiombea ukaazi kwa I-360, nayo ndani ya miaka miwili. Kifo kiwe kimetokana na jeraha au ugonjwa wa utumishi huo. Miaka miwili inaonekana mirefu. Ukitoa arobaini, kuweka jiwe, na ugomvi wa fedha, haibaki mingi.

Aliye hai asisubiri hayo. Akiwa jeshini anaomba uraia kwa fomu N-400 na N-426, bila ada. Ila ajue upande wa huku: kwa Sheria ya Uraia ya 1995, mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari anapoteza wa Tanzania, na asiye raia kwa kawaida hamiliki ardhi hapa isipokuwa kwa uwekezaji, ingawa sheria imeanza kulegezwa kwa wenye asili ya Tanzania. Kiwanja cha Himo alichonunua kwa jina lake baada ya kiapo kile kinaweza kuleta maswali kwenye mirathi.

Kwa hiyo akipiga simu Jumapili, mwulizeni: DD 93 uliibadilisha lini mara ya mwisho? Asitume picha ya fomu kwa WhatsApp, ina namba zake za siri. Asome majina tu kwa sauti. Na sehemu ya anuani asiandike S.L.P. ya parokia. Taarifa ya kifo haiwekwi kwenye sanduku la posta. Aandike namba mbili za simu, ya pili iwe ya mtu asiyelala mapema, na maelezo ya njia kama anavyomwelekeza dereva wa bodaboda: jina la kijiji na kata, unaacha lami wapi, kanisa gani liko upande gani, mfereji wa ngapi, na uulizie kwa nani.

Watafsiri wa nyaraka,
Moshi